Mkataba Hauanzi na Karatasi: Misingi ya Sheria ya Mikataba kwa Mlaji

Katika vijiwe vya Katoro, Kahama na Geita mjini, kijana akisema "nina mkataba", wasikilizaji humwelewa mara moja: anaendesha pikipiki ya mtu, anapeleka hesabu kila siku, na siku zikitimia chombo kitakuwa chake. Wachache hutambua kwamba mama anayepeleka viroba vya mawe kwenye karasha, au mwenye nyumba anayemlipa fundi nusu ya fedha kabla ya kuezeka, naye yumo ndani ya mkataba, ijapokuwa hakuna aliyeshika kalamu. Makala hii inaeleza mkataba ni nini, unakamilika lini, na mlaji afanye nini ili haki yake isipotee.

Maana ya mkataba

Mkataba ni makubaliano yanayolindwa na sheria. Kwa Tanzania Bara, sheria inayohusika ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo misingi yake mingi inatokana na sheria ya India ya mwaka 1872. Makubaliano huanza pale upande mmoja unapotoa pendekezo, na hukamilika upande wa pili unapolikubali kama lilivyo. Mwenye karasha akikutajia bei ya kusaga kiroba, nawe ukamjibu kwa bei pungufu, hujakubali bado. Umetoa pendekezo jipya, na sasa ni zamu yake kujibu.

Nguzo nne za mkataba halali

*Ridhaa huru.* Pande zote ziafikiane juu ya jambo lilelile kwa maana ileile. Aliyekubali kwa kutishwa au kwa kudanganywa, kwa mfano aliyeuziwa pampu kuukuu kwa maelezo kwamba ni mpya, ana haki ya kuukataa mkataba huo.

*Uwezo wa kisheria.* Wanaoingia mkataba wawe wametimiza umri wa miaka 18 na wawe na akili timamu. Mtoto wa miaka 16 aliyetia saini ya kuchukua simu kwa mkopo hafungwi na saini hiyo.

*Malipo halali.* Kila upande utoe kitu au uahidi kutoa kitu. Si lazima kiwe fedha: kazi ya kuchimba kwa mgawo wa mawe ni malipo. Ahadi ya zawadi tupu, kwa kawaida, haidaiwi mahakamani.

*Lengo halali.* Sheria hailindi makubaliano yenye lengo lililokatazwa. Nguzo hii ina uzito wa pekee katika ukanda wa dhahabu. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, mchimbaji ana mahali rasmi pa kuuzia dhahabu yake. Anayeuza usiku kwa mnunuzi asiye na leseni, akalipwa nusu na kuahidiwa nusu, hukosa pa kwenda ahadi inapovunjwa, kwa kuwa biashara yenyewe ilikuwa haramu.

Je, ni lazima uandikwe?

Kwa shughuli nyingi za kila siku, hapana. Makubaliano ya mdomo ni mkataba kamili, isipokuwa pale sheria inapotaka maandishi, kama katika kuuziana haki ya kumiliki ardhi. Hata hivyo, kuwa na haki ni jambo moja na kuithibitisha ni jambo jingine. Mahakamani, anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfano: pikipiki ya siku 400

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwenye pikipiki na dereva wanakubaliana, kwa mdomo, kwamba dereva atapeleka shilingi 10,000 kila siku kwa siku 400, jumla shilingi 4,000,000, kisha pikipiki itakuwa yake. Dereva analipa siku 310 bila kukosa. Ndipo anapougua na kulala siku tisa. Akiamka, pikipiki imekwisha kukabidhiwa kwa mwingine, na anaambiwa: "Umevunja mkataba."

Amekwisha kulipa shilingi 3,100,000. Je, zimepotea?

Jibu linategemea walichokubaliana kuhusu kuchelewa. Sheria ya Mikataba inatofautisha hali mbili. Ikiwa pande mbili zilikusudia kwamba muda ndio kiini cha mkataba, aliyecheleweshewa anaweza kuuvunja. Ikiwa hazikukusudia hivyo, kuchelewa peke yake hakumpi mwenye mali haki ya kuuvunja. Anachostahili ni fidia ya hasara aliyoipata kwa kuchelewa huko. Katika mfano wetu, siku tisa za hesabu ni shilingi 90,000. Kati ya kudaiwa 90,000 na kupoteza 3,100,000 kuna sentensi moja tu ambayo haikutamkwa siku ya kwanza.

Sasa dereva atalazimika kuithibitisha kila shilingi. Ikiwa alituma hesabu kwa simu, kumbukumbu za miamala zitamsemea. Ikiwa alikabidhi fedha mkononi bila daftari wala shahidi, safari yake itakuwa ndefu.

Mkataba ulioandaliwa na upande mmoja

Mikataba mingi ya mikopo na ununuzi huja ikiwa imekwisha kuchapwa, na mlaji huambiwa "weka saini hapa". Mikataba ya namna hii, inayoandaliwa na upande mmoja, husimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC) kwa lengo la kumlinda mlaji dhidi ya masharti kandamizi. Lakini ulinzi wa kwanza ni wewe mwenyewe kuisoma. Tahadhari tatu zinastahili mkazo:

1. Mkopeshaji awe na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mikopo inayoitwa "kausha damu" hustawi pale ambapo mkopaji haulizi leseni.
2. Mdhamini hasaini kwa heshima tu. Isipokuwa mkataba useme vinginevyo, mzigo wake ni sawa na wa mkopaji.
3. Faini kubwa ya kuchelewa iliyoandikwa kwenye mkataba si lazima ilipwe yote. Mahakama hutoa fidia inayostahili, na kiasi kilichoandikwa huwa ndicho kikomo chake.

Kabla ya kukubali

- Andikeni majina ya pande zote, kitu au huduma, bei, na tarehe za malipo.
- Andikeni nini kitatokea kwa kuchelewa, ugonjwa, ajali, wizi au kuharibika kwa chombo.
- Kwa pikipiki, andikeni kadi itabadilishwa jina lini na kwa gharama ya nani.
- Usiyesoma vizuri, somewa mbele ya mtu unayemwamini, kwa lugha unayoielewa.
- Kila upande ubaki na nakala, na mashahidi watie saini.
- Usisaini karatasi yenye nafasi zilizoachwa wazi.

Mkataba ukivunjwa

Kwanza, mweleze mwenzako dai lako kwa maandishi na umpe muda wa kujibu. Pili, tafuta usuluhishi. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanaweza kukuelekeza. Tatu, deni litokanalo na mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 laweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Usikae na dai: kwa kawaida, ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa, na mashahidi husahau mapema zaidi ya hapo.

Maswali ya kujipima

1. Fundi amekutajia bei, nawe ukanyamaza. Je, mna mkataba?
2. Umelipa hesabu ya leo. Ni kitu gani kitakachoonyesha hivyo mwaka ujao?
3. Katika mkataba ulio nao sasa, ukiugua wiki moja, imekubaliwa iwe nini?

Ikiwa swali la tatu halina jibu, mtafute mwenzako leo, mkiwa bado mnaelewana, mkaliandike.