Haki si Hisani: Darsa Juu ya Katiba ya Nchi Yetu

Darsa hii twaiweka juu ya kitabu ambacho jina lake hutajwa kila siku, lakini waliokifungua na kukisoma kwa macho yao ni wachache. Nacho ni Katiba ya Kenya, khasa zile haki za msingi alizo nazo kila mtu, na zile kawaida ambazo watawala wamefungwa nazo. Katiba hii raia waliipigia kura tarehe 4 Agosti 2010, na tarehe 27 ya mwezi huo ikatangazwa rasmi kuwa ndiyo sheria kuu ya nchi. Ina sura 18 na vifungu 264.

Hatukusudii kuvieleza vifungu vyote. Twakusudia neno moja tu, kwani mwenye kulifahamu hilo atajua namna ya kuyasoma yaliyobaki, na asiyelifahamu, hata akivihifadhi vifungu vyote kwa moyo, havitamfaa kitu. Neno lenyewe ni hili: haki si hisani.

TOFAUTI YA HAKI NA HISANI

Hisani ni kitu ambacho mwenye nacho ana khiari ya kukitoa au kukizuia. Akikupa, wamshukuru, akikunyima, huna la kumdai. Ama haki ni deni. Mwenye kudaiwa hana khiari, na mwenye kudai haombi. Mtu aliyemkopesha jirani yake fedha hamwendei siku ya kulipwa kwa kupiga magoti, wala jirani hamlipi kwa majivuno kana kwamba amemtolea sadaka.

Sasa tutazame Katiba yasemaje. Kifungu cha 19 chaeleza kwamba haki hizi ni za kila mtu mmoja mmoja, wala si Serikali iliyompa. Serikali haikutajwa hapo kuwa ni mpaji. Katika kifungu cha 21 imetajwa kuwa ni mdaiwa, yenye wajibu wa kuzichunga haki hizo, kuziheshimu, kuzilinda, kuzikuza na kuzitimiza.

Na juu ya wenye vyeo, kifungu cha 73 chasema kwamba mamlaka aliyopewa mtu wa Serikali ni amana ya umma, na kwamba amepewa jukumu la kuwatumikia watu, hakupewa nguvu za kuwatawala. Neno amana kwetu si geni. Mtu akiwekewa amana haiwi mali yake kwa kukaa nayo miaka mingi, na siku mwenyewe atakapoitaka hawezi kumwuliza, "Yakuhusu nini?" Kwa ajili hiyo kifungu cha 10 kimewafunga watawala, na kila mwenye kutunga au kutekeleza maamuzi ya umma, kwa kawaida zijulikanazo: utawala wa sheria, kushirikishwa kwa wananchi, utu wa binadamu, usawa, kuwalinda waliosukumwa pembeni, uadilifu, uwazi, na kutoa hisabu.

YALIYOPITA KABLA YA KATIBA HII

Asidhani mtu kwamba haki zilianza kuandikwa mwaka 2010. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 nayo ilikuwa na sura yake ya haki. Lakini haki zile zilifuatwa na "isipokuwa" nyingi, na mlango wa kuibadili Katiba ukawa mwepesi kwa wenye nguvu. Mwaka 1966 ilibadilishwa, na uwezo wa Serikali wa kumweka mtu kizuizini bila ya kumfikisha mahakamani ukapanuliwa. Mwaka 1982 chama kikawa kimoja kwa sheria. Mwaka 1988 majaji waliondolewa ulinzi wa kazi zao, na polisi wakaruhusiwa kumzuia siku 14, kabla ya kumpeleka mahakamani, mtu anayeshukiwa kosa la kunyongwa. Baadhi ya mambo hayo yaliondolewa baadaye, lakini watu walikuwa wamekwisha kuumia.

Mazingatio ni haya: haki zilikuwamo kitabuni, lakini mtawala alizishika kama mtu ashikavyo hisani yake, akitoa apendapo na akizuia apendapo.

Wale walioandika Katiba ya sasa waliweka vizuizi vitatu ili jambo hilo lisirudi. Kizuizi cha kwanza ni kifungu cha 24: haki haipunguzwi illa kwa sheria, na kwa kadiri inayokubalika katika nchi ya watu huru, na mwenye kutaka kuipunguza ndiye apaswaye kuleta hoja. Mwaka 2014 ilipitishwa sheria ya kubadili sheria za usalama, na mwezi wa Februari 2015 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu vyake vinane, kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba. Kizuizi cha pili ni kifungu cha 25, kilichotaja mambo manne yasiyopunguzwa kabisa: mtu asiteswe, asifanywe mtumwa, asinyimwe hukumu ya uadilifu, na asinyimwe amri ya mahakama ya kumtaka aliyemshika amlete mbele ya jaji. Na kizuizi cha tatu ni kifungu cha 255: sura ya haki haibadilishwi na Bunge peke yake, lazima raia wenyewe wapige kura.

MTU ALIYEKAMATWA

Hapa ndipo wengi hupotewa, basi tueleze kwa mfano. Kijana amekamatwa usiku wa kuamkia Jumamosi. Baba yake afika kituo cha polisi, avua kofia, aanza kubembeleza, na mwisho atia mkono mfukoni atoe "chai". Mzee huyu anunua kilicho chake.

Kifungu cha 49 chasema kwamba aliyekamatwa aelezwe upesi, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake, na kwamba ana haki ya kunyamaza. Aruhusiwe kuzungumza na wakili, na watu wengine ambao msaada wao wahitajika. Asilazimishwe kukiri. Apelekwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Na zikimalizika nje ya saa za mahakama, au siku isiyo ya mahakama, basi mwisho wake ni kumalizika kwa siku ya mahakama inayofuata. Kijana wetu, basi, asiipite Jumatatu hajamwona hakimu, ikiwa Jumatatu hiyo si sikukuu. Tena ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kiasi, mpaka zipatikane sababu nzito za kumzuia. Na ambaye kosa lake adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, hazuiliwi rumande. Fedha za dhamana hutolewa kwa risiti. Zisizo na risiti jina lake ni rushwa.

Na haya ni ya kila mtu, hata anayetuhumiwa kosa lichukizalo mno. Katika tuhuma za ugaidi, ambazo vijana wa pwani na wa kaskazini wamezionja sana, sheria yaruhusu muda wa kuzuiliwa uongezwe, lakini mwenye kuongeza ni mahakama. Mtu anayechukuliwa usiku, na kituo chochote kisikubali kuwa kinaye, amefanyiwa lile lililokatazwa kabisa na kifungu cha 25. Jamaa zake waende mahakamani upesi, wala wasingoje kuambiwa na mtu mkubwa kwamba "jambo hili latazamwa".

HABARI YA WAMAKONDE WA KWALE

Husemwa kwamba mnyonge hana haki. Msemo huu waeleza yanayotendeka, hauelezi yanayopasa. Tutazame Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walitoka Msumbiji zama za ukoloni wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Watoto na wajukuu wakazaliwa hapa, na miaka mingi baada ya uhuru walikuwa hawana kitambulisho. Na asiye na kitambulisho hapigi kura, hafungui hesabu ya benki, wala haajiriwi kazi ya halali.

Mwaka 2011, baada ya Katiba, ilitungwa sheria ya uraia iliyofungua mlango kwa mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, naye amekaa Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, aweze kuandikishwa kuwa raia. Sheria ilikuwako, lakini miaka mitano ikapita na watu wale wako pale pale. Mwezi wa Oktoba 2016 mamia yao walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi, kumfikia Rais. Ndipo ikatolewa amri waandikishwe, na mwaka 2017 wakapewa vitambulisho na kuhisabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Watu waliusifu mkono uliotoa, na kushukuru si vibaya. Lakini walichopewa kilikuwa kimekwisha kuandikwa katika sheria miaka mitano nyuma. Waliokiamsha ni wale waliotembea.

NA SISI KWA SISI JE?

Katika jambo la dini, Katiba imetupa tunachokijua sote. Kifungu cha 170 chasimamisha Mahakama ya Kadhi, ambayo uwezo wake ni katika hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wenye shauri wote ni Waislamu nao wameikubali mahakama hiyo. Mahakama hii ina asili ya zamani katika mwambao, na mwezi wa Oktoba 1963 kuhifadhiwa kwake kuliafikiwa katika barua walizoandikiana Waziri Mkuu wa Kenya na Waziri Mkuu wa Zanzibar. Hiyo pia ni haki, wala hatukukirimiwa. Na kifungu cha 32 kinachomlinda Muislamu katika ibada yake ndicho hicho kinachomlinda jirani yake asiye Muislamu.

Lakini neno letu lapasa lirudi majumbani. Mjane aliyefiwa na mumewe, ndugu wa mume wakakalia nyumba na shamba, kisha kila mwezi wakampa kidogo na kutaka asifiwe ukarimu wao, amefanyiwa na jamaa zake yale yale tunayoilaumu Serikali kwayo. Sehemu yake ya mirathi ni haki, na mlango wa Kadhi u wazi. Kadhalika mweka hazina wa chama au wa madrasa aulizwaye hisabu akakasirika, huyo ameigeuza amana kuwa milki. Ni aibu kudai uwazi Nairobi na kuuficha mtaani kwetu.

NJIA YA KUDAI

Kudai hakuhitaji ukubwa. Kifungu cha 22 chamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki inapovunjwa, kwa nafsi yake, au kwa niaba ya mwenzake asiyeweza, au kwa maslaha ya umma. Na kufungua shauri la namna hiyo hakutozwi ada. Kifungu cha 35 champa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Na kifungu cha 47 chasema kwamba aliyedhurika kwa uamuzi wa afisi apewe sababu kwa maandishi. Kwa hiyo, atakayeambiwa "rudi kesho" mara ya tatu, aandike barua, aweke nakala, atake jibu la maandishi. Karatasi moja yenye tarehe yafaa kuliko maneno mia ya kubembeleza.

MASWALI YA DARSA

Kila mmoja ajibu kabla ya mkutano ujao, na ajibu kwa kukifungua kitabu chenyewe:

1. Ni haki zipi nne zisizopunguzwa, nazo zi katika kifungu gani?
2. Mtu aliyekamatwa Jumatano saa nne asubuhi apaswa kufikishwa mahakamani lini?
3. Katika chama chetu wenyewe, ni hisabu gani ambayo wanachama wana haki ya kuiona nao hawajapata kuiona?

Swali la tatu lijibiwe mbele ya watu wote.