Jumba la Chatsworth: Nyumba Njema Si Mlango

Katika mashamba ya Uingereza, mbali na miji, yako majumba mengi makubwa yaliyojengwa zamani na watu wenye vyeo na mali. Kila mwaka maelfu ya watu hulipa kiingilio ili wayatazame. Wengi wao hustaajabia dari zilizochorwa, ngazi za mawe, na bustani zilizotunzwa vizuri, kisha hurudi makwao wakiwa wamefurahi. Furaha hiyo si mbaya, lakini ni nusu ya faida tu. Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani."

Mtu atakaye kujifunza kitu katika ziara ya jumba la kale hana budi kuwa na maswali matatu. Nani aliyelijenga, na kwa mali gani? Nani waliolifanyia kazi, na nani walioondolewa ili lipendeze? Na gharama ya kulitunza hutoka wapi? Jumba la Chatsworth ni zuri sana kwa somo hili. Tena wenye jumba hilo wanahusika na historia ya Kenya, kama itakavyoonekana hapa chini.

Mwanzo wa Jumba

Chatsworth liko katika jimbo la Derbyshire, kando ya mto Derwent. Mwaka 1549 shamba hilo lilinunuliwa kwa Pauni 600 na Sir William Cavendish na mkewe Elizabeth, ajulikanaye zaidi kwa jina la Bess wa Hardwick. Mwaka 1552 wakaanza kujenga. Sir William alikuwa mtumishi wa serikali ya Mfalme Henry wa Nane. Mfalme huyo alipozifunga nyumba za watawa na kuzitwaa ardhi zao, Sir William alikuwa miongoni mwa maofisa waliopewa kazi hiyo, naye alitajirika kwayo. Bess aliolewa mara nne, na mume wake wa mwisho ndiye aliyeamriwa kumlinda Malkia Mary wa Uskoti alipokuwa mfungwa. Kwa hiyo kati ya mwaka 1569 na 1584 malkia huyo aliwekwa Chatsworth mara kadhaa.

Jumba lionekanalo leo silo lile la Bess. Mwaka 1687 kilembwe chake, aliyeitwa pia William Cavendish, alibomoa upande wa kusini ili aujenge upya. Alipomaliza upande mmoja hakuweza kujizuia, akaendelea na wa pili, na wa tatu, hata nyumba nzima ikawa mpya. Kazi ilikwisha mwaka 1707, na mwaka huo huo akafariki. Mwaka 1694 alikuwa amepewa cheo cha Duke wa Devonshire, na Duke ni cheo kikuu kupita vyote kwa mtu asiye wa nyumba ya kifalme. Cheo hicho kimerithiwa katika ukoo wake hata leo.

Mbuga Iliyofanywa kwa Mikono

Mgeni ajaye kutoka upande wa magharibi huliona jumba ng'ambo ya mto. Mbele yake kuna miteremko ya nyasi, miti iliyosimama makundi makundi, kondoo wakila malisho, na kulungu wa Ulaya wakipumzika kivulini. Mbuga hiyo ina ukubwa wa ekari 1,000 hivi. Yeyote aionaye kwa mara ya kwanza hudhani kwamba imekuwa hivyo tangu dunia kuumbwa.

Sivyo. Zamani bustani za Chatsworth zilipimwa kwa kamba, njia zake zikanyoshwa, na vichaka vikakatwa kwa mistari. Yapata mwaka 1760 Duke wa nne alimwita fundi mashuhuri, Lancelot Brown. Watu walimpa jina la utani la Capability kwa sababu alizoea kuwaambia wenye mashamba kwamba ardhi yao ina uwezo wa kupendezeshwa. Brown aliifuta mistari ile, miteremko ikalainishwa, miti ikapandwa kwa wingi, na hata njia ya mto ikarekebishwa. Daraja la mawe lilijengwa mahali ambapo mgeni, akivuka, ataliona jumba kwa uzuri wake wote. Brown alifariki mwaka 1783. Miti mingi aliyoipanda ilikuwa bado michanga, hakuiona ikikomaa. Hiyo ndiyo tabia ya mpanda miti wa kweli, kwamba hutaabika kwa ajili ya macho ya wengine.

Lakini mbuga hiyo ina habari nyingine. Kando ya mto palikuwa na kijiji kiitwacho Edensor, na baadhi ya nyumba zake zilionekana kutoka madirishani mwa jumba. Kati ya mwaka 1838 na 1842, zamani za Duke wa sita, sehemu kubwa ya kijiji ilijengwa upya nyuma ya kilima, mahali pasipoonekana. Nyumba mpya zilikuwa imara na nzuri, kila moja kwa mtindo wake, na hata leo wageni hupenda kuzitazama. Walakini wanakijiji wengi walikuwa wapangaji wa Duke, na neno la kuhama au kutohama halikuwa lao. Nyumba moja ya kijiji cha zamani iliachwa, nayo ingali imesimama peke yake katika nyasi. Mgeni mwenye busara hupita hapo akatulia kidogo. Nyumba mpya, hata ikiwa bora, haifuti swali la nani aliyekata shauri.

Mtunza Bustani Aliyepanda Ukuta

Duke huyo wa sita alimwajiri kijana mmoja, Joseph Paxton, mwana wa mkulima, aliyezaliwa mwaka 1803. Paxton mwenyewe alisimulia jinsi alivyoanza kazi. Alifika Chatsworth saa kumi na nusu alfajiri, tarehe 9 Mei 1826, akakuta watu wamelala na malango yamefungwa. Akapanda, akaingia bustanini, akaizunguka yote. Saa kumi na mbili wafanyakazi walipofika akawagawia kazi. Kisha akaenda kula chakula cha asubuhi kwa mwanamke msimamizi wa nyumba, na hapo akamwona binti aliyekuwa mpwa wa yule bibi. Wakapendana, na mwaka uliofuata wakaoana. Haya yote yalianza kabla ya saa tatu ya siku ya kwanza ya kazi.

Paxton hakuwa na elimu kubwa ya darasani, lakini alijifunza kwa kutazama na kujaribu. Alijenga nyumba ya vioo ya kutunzia mimea ya nchi za joto, yenye urefu wa futi 277 na upana wa futi 123. Ilipomalizika, yapata mwaka 1840, hapakuwa na jengo la vioo lililoizidi duniani. Maarifa aliyopata hapo ndiyo aliyoyatumia kujenga jumba kubwa la vioo la Maonyesho ya London ya mwaka 1851, naye akapewa cheo cha Sir.

Mmea mmoja alioutunza wahusika na kila mkulima wa Afrika ya Mashariki. Ulikuwa mgomba mfupi ambao asili yake ni China, uliofika Uingereza kwa njia ya kisiwa cha Mauritius. Mwezi wa Novemba 1835 ulichanua na baadaye ukazaa, nao ukapewa jina la ukoo wa Cavendish. Miche yake ilichukuliwa na wamisionari mpaka visiwa vya Samoa. Siku hizi ndizi nyingi sana zisafirishwazo kwa meli kuuzwa nchi za mbali ni za jamii ya Cavendish, na wakulima wa Kenya huilima pia.

Mwaka 1844 Duke alipata habari kwamba Nicholas wa Kwanza, Mfalme wa Urusi, huenda akamtembelea. Paxton akaambiwa atengeneze fawara ya kurusha maji juu kupita zote. Ziwa lilichimbwa juu ya kilima, na maji yakashushwa kwa bomba kubwa. Hapakuwa na mashine ya kuyasukuma. Uzito wa maji yenyewe uliyatosha kuruka, nayo yalipata kufika futi 296. Mfalme hakuja. Mgeni mkuu alikosekana, lakini wageni wadogo hawakukosekana. Reli ilipofika Rowsley, karibu na Chatsworth, mwaka 1849, watu wapatao 80,000 walifika katika majira ya joto ya mwaka huo, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa viwandani. Duke alikuwa ameagiza kwamba maji yafunguliwe kwa kila mgeni, awe mkubwa au mdogo.

Jina la Devonshire katika Kenya

Victor Cavendish, Duke wa tisa, alikuwa Waziri wa Makoloni tangu 1922 mpaka Januari 1924. Wakati huo palikuwa na mabishano makali katika Kenya. Walowezi wa Kizungu walitaka kujitawala wenyewe, na Wahindi walidai haki sawa ya kupiga kura. Mwezi wa Julai 1923 serikali ya Uingereza ilitoa waraka uliokuja kuitwa kwa jina la Devonshire. Waraka huo ulitamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika, na kwamba faida yao haina budi kutangulizwa pale inapogongana na faida ya wageni.

Maneno hayo yalikuwa mazito, lakini matendo hayakulingana nayo. Waraka ule ule uliwaachia Wazungu peke yao ardhi nzuri ya nyanda za juu, na Waafrika hawakupewa nafasi ya kujichagulia wajumbe katika Baraza la Kutunga Sheria. Hata hivyo neno lililokwisha kuandikwa halifutiki kwa urahisi. Kwa miaka mingi viongozi wa Kiafrika waliitumia ahadi hiyo kuidai serikali iitimize, mpaka Kenya ikapata uhuru mwaka 1963.

Kodi na Mlango Uliofunguliwa

Katika vita vya pili vya dunia jumba lilikaliwa na shule ya wasichana kutoka Wales. Mwaka 1944 mrithi wa Duke wa kumi aliuawa vitani nchini Ubelgiji. Mjane wake, Kathleen, alikuwa dada yake John F. Kennedy. Naye alifariki mwaka 1948 katika ajali ya ndege, akazikwa Edensor, na mwaka 1963 Rais Kennedy alikwenda kulizuru kaburi lake.

Msiba mwingine ukafuata. Duke wa kumi alikuwa amempa mwanawe aliyebaki, Andrew, sehemu kubwa ya mali, ili ipone kodi ya urithi. Sheria ya siku zile ilitaka mtoaji aishi miaka mitano baada ya kutoa. Mwezi wa Novemba 1950 alifariki ghafula, na muda uliosalia ulikuwa miezi michache tu. Kodi iliyodaiwa ilikuwa asilimia 80. Katika kila Pauni tano za mali hiyo, nne zilikuwa za serikali.

Wengi walidhani kwamba Chatsworth limekwisha. Majumba mengi ya namna hiyo yalibomolewa miaka ile, na mawe yake yakauzwa. Andrew na mkewe Deborah walichagua njia ndefu. Waliuza maelfu ya ekari. Jumba la Hardwick, alilolijenga Bess mwenyewe, lilitolewa kwa serikali kulipia kodi. Picha za mafundi wakuu, kama Holbein na Rembrandt, zilitolewa pia, nazo sasa huonekana na watu wote katika makumbusho ya London. Deni la mwisho lililipwa mwaka 1974.

Hata hivyo kulipa deni si kuponya nyumba, kwa maana paa huvuja kila mwaka. Mwaka 1981 jumba na bustani yake ya ekari 105 viliwekwa chini ya amana, kwa utaratibu unaofanana kidogo na wakfu ujulikanao pwani. Viingilio vya wageni hutumika kuvitunza, na Duke hulipa kodi ya pango kwa vyumba anavyokaa katika nyumba ya mababu zake. Nyumba iliyokuwa ya mtu mmoja iliokoka ilipokuwa, kwa namna fulani, nyumba ya wengi.

Jinsi ya Kuzuru

Mgeni aendaye Chatsworth afanye vizuri kwenda pole pole. Aanze katika mbuga, maana watu huruhusiwa kutembea humo bila malipo, akumbuke waliochimba na kupanda. Kisha aingie jumbani, na kila atazamapo kitu cha thamani ajiulize kimetoka wapi. Mwisho avuke mto aende Edensor, alitazame jumba kutoka upande wa wanakijiji.

Maswali yale matatu si ya Uingereza tu. Yafaa pia kuulizwa katika Fort Jesus ya Mombasa, katika magofu ya Gedi, na katika nyumba za kale za Lamu. Mwalimu apelekaye watoto mahali kama hapo awape maswali hayo kabla ya kuondoka shuleni, ili watakaporudi wawe na la kueleza zaidi ya ukubwa wa kuta. Tena awafundishe la tatu kwa mkazo, kwa kuwa mengine yote ni habari za waliokwisha kufa, bali la utunzaji ni kazi ya walio hai.