Injini ya Boti Ikipata Moto: Kipi Ubadilishe, Kipi Ukiache

Injini yako imeanza kupata moto, na fundi amekuandikia orodha ndefu ya vipuri. Usinunue bado.

Hapa kisiwani, kijijini Mkwiro, hakuna duka la vipuri. Ukinunua kisichofaa, ni kuvuka tena hadi Shimoni, kupanda matatu hadi Likoni, kisha feri hadi Mombasa. Siku imekwenda na boti iko mchangani. Kwa hivyo shika kanuni hii: kila kipuri cha mpira kilichofichwa ndani ya mguu wa injini, kibadilishe kwa mkupuo mmoja. Kilicho juu, kinachofikiwa kwa bolti mbili tatu, kipime kwanza.

Nazungumzia hizi mashine tulizozizoea, Yamaha za petroli ya kuchanganya na oili, zile zilizokula miaka. Hazina rejeta. Zinavuta maji ya bahari kwa pampu iliyo mguuni, yanazunguka silinda, yanatoka. Kila linaloharibika linaanzia kwenye chumvi, mchanga au mpira uliozeeka.

Anza na kile kitundu cha pembeni kinachotoa maji. Mkondo ukiwa hafifu, zima injini, ingiza kipande kinene cha mshipi wa kuvulia, sukuma na kuzungusha. Mara nyingi ni mchanga au chumvi tu. Angalia pia wavu wa kuingizia maji mguuni. Mwani na vipande vya nailoni hupenda kukaa hapo. Ukimaliza hapo na mkondo bado ni hafifu, sasa ni haki kufungua mguu.

Kabla ya kuuteremsha, weka alama kwenye fimbo ya gia na ukumbuke gia ilikuwa wapi. Hilo dogo litakuokolea saa nzima wakati wa kurudisha.

Ukishaufungua, badilisha impela ya pampu. Usibishane nayo. Hata kama mabawa yake yanaonekana mazima, mpira haupimiki kwa jicho. Ukiitoa na mabawa yakabaki yamelala upande mmoja, imekwisha. Ukiyakunja na ukaona mipasuko kwenye shina, imekwisha vilevile. Kwa boti inayofanya kazi kila siku, impela moja kwa mwaka ndiyo desturi njema. Kama unawasha injini kwenye maji ya magotini wakati wa kupwa, mchanga unaila mapema zaidi.

Bawa likikosekana, litafute. Usifunge mguu mpaka ulipate. Kile kipande kimepanda na maji, kimekwama kwenye bomba au juu zaidi, na impela mpya haitakisogeza. Fundi anayefunga bila kukitafuta anakuandalia safari nyingine ya Mombasa.

Pamoja na impela, weka mpya gasketi za pampu, mipira ya kuziba na ule mpira mdogo unaopokea bomba la maji. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kazi ya kufungua tena. Kile kikombe cha chuma ambamo impela inazunguka, na sahani iliyo chini yake, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, badilisha. Ukiteleza, safisha urudishe. Kii ya shafti iangalie kingo zake. Ikiwa imelika, usiirudishe.

Wakati wa kuingiza impela, paka maji ya sabuni na uzungushe shafti upande inaokwenda injini ikiwa hai, ili mabawa yalale sawa. Na usiiwashe kavu, hata kwa sekunde chache kusikiliza sauti. Mpira mpya unaungua hapo hapo.

Bolti zote zirudi na grisi ya baharini. Chumvi ikishika bolti ya chuma ndani ya alumini, mwakani utaivunja.

Sasa juu. Thamostati ndicho kipuri kinachoonewa zaidi. Mafundi wengi huitoa, wakaitupa, na kweli moto unapungua. Lakini bila thamostati injini inakwenda baridi mno, inakula petroli na kuchafua plagi, na wewe unalipa kila safari. Ipime badala ya kuitupa. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, pasha moto polepole. Za injini za boti hufunguka mapema, kwenye nyuzi 50 hadi 60 hivi, kwa sababu maji ya bahari yakizidi kupata moto huanza kugandisha chumvi ndani ya njia zake. Ikifunguka vizuri kwenye nyuzi hizo, mapema kabla maji hayajachemka, na ikajifunga ukiitia kwenye maji baridi, iko hai. Isafishe, badilisha gasketi yake, irudishe. Ikikwama, nunua nyingine. Ya gari haifai hata ikiingia: ile inasubiri nyuzi 80 na zaidi.

Hapa kuna mtego. Kwenye injini nyingi, kitundu cha pembeni hupata maji kabla hayajafika kwenye thamostati. Unaweza kuona mkondo mzuri kabisa na huku kichwa cha silinda kinachemka. Mkondo ukiwa mzuri na moto upo, shuku thamostati na chumvi iliyoganda, si pampu.

Zinki zilizofungwa mguuni badilisha zikilika nusu. Usizipake rangi, zikipakwa hazifanyi kazi, na chumvi itaanza kula alumini yenyewe.

Gasketi ya kichwa cha silinda iache mpaka upate ushahidi: maji kwenye plagi, au silinda moja yenye mgandamizo wa chini kuliko nyingine. Bolti za kichwa kwenye mashine kongwe huvunjika kirahisi, na bolti iliyovunjika ndani ya bloku ni gharama kubwa kuliko ugonjwa uliokupeleka hapo. Ukilazimika kufungua, gasketi ya zamani hairudi, na uso wa kichwa upimwe kama bado umenyooka.

Ukienda kununua, piga picha ya kibati cha modeli kwenye mabano ya injini na ubebe impela ya zamani mfukoni. Pesa zikiwa chache, zielekeze kwenye impela na thamostati za orijino. Wavu na vibana mipira tafuta popote, mradi ni vya kustahimili chumvi.

Kazi hii ifanye kusi likichafua bahari na safari za kupeleka wageni Kisite zikipungua. Usingoje msimu wa wageni.

Na baada ya safari, osha injini kwa maji yasiyo na chumvi. Najua maji ya mvua kisiwani ni ya kuhesabu. Kata pipa, toa propela, jaza maji yapite juu ya wavu, washa bila gia dakika kumi ili thamostati ifunguke na maji yafike kote. Maji hayo hayo tumia tena mara kadhaa mpaka uonje chumvi imezidi, ndipo uyamwage.

Kwenye boti weka kopo lenye impela moja, kii, plagi, spana zake na kipande cha mshipi. King'ora cha injini kikilia ukiwa na abiria katikati ya mkondo wa bahari, punguza kasi mara moja, kisha uzime na uangalie wavu. Mfuko wa nailoni unatosha kuziba njia. Kama wavu ni safi na ukiwasha bado kinalia, zima injini tena, tia nanga au shika kasia, uiache ipoe yenyewe. Usiimwagie maji ya bahari juu: chuma chenye moto kikipoa ghafla hupasuka.