Wekundu Umekwisha, Ukungu Umebaki

Januari 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam na kisha mikoa mingine, wengi tulipima kupona kwa rangi: jicho likirudi kuwa jeupe, basi. Lakini wapo ambao tongotongo zimekwisha, wamerudi kazini, na usiku wanaona kila taa ya bodaboda imevaa duara la mwanga. Kibao cha daladala hakisomeki mpaka gari lifike miguuni.

Macho mekundu ya mlipuko mara nyingi huletwa na virusi, hasa vya jamii ya adeno. Baadhi yake hugusa pia konea, yaani kioo cha mbele ya jicho. Mwili ukipambana na mabaki ya virusi hivyo, chembe za ulinzi hukusanyika kwenye kioo hicho na kuacha vidoa vya ukungu, vidogo mno, ambavyo daktari huviona kwa hadubini. Mwanga ukivipitia hutawanyika, kama unavyotazama barabara kupitia kioo cha gari chenye manyunyu. Vidoa huanza kuonekana karibu wiki ya pili na kwa kawaida hufifia vyenyewe kwa wiki au miezi. Kwa wachache hukaa zaidi ya mwaka. Vidoa vyenyewe haviambukizi.

Jicho linalokwaruza kana kwamba lina mchanga mara nyingi ni kavu tu. Geuza feni isikupulize usoni, pepesa macho mara kwa mara ukiwa kwenye simu, na ulizia matone ya machozi bandia.

Nyumba nyingi hukosea kwenye kichupa cha dawa ya macho. Jirani amebakiza dawa "iliyomponya siku mbili", anakupa. Soma lebo: ukiona deksamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi. Kweli husafisha ukungu haraka, ndiyo maana inasifiwa sana, lakini ukiiacha vidoa huweza kurudi. Ukiizoea, huweza kuleta presha ya macho au mtoto wa jicho. Na kama jicho lina kidonda cha virusi vya hepesi, steroidi peke yake hukichochea. Daktari huitoa kwa kipimo, na huipunguza polepole. Maji ya chumvi, mkojo, majani na maziwa ya mama visitiwe machoni kabisa.

Jipime hivi: ziba jicho moja, soma tarehe za kalenda iliyo ukutani, kisha badili. Rudia kila wiki, ukisimama palepale. Jicho moja likizidi kufifia, nenda kliniki ya macho. Usisubiri hata siku moja ukiwa na maumivu makali, ukishindwa kutazama mwanga, ukiona doa jeupe kwenye kioo cha jicho, au kama mgonjwa ni mtoto mchanga. Anayevaa lenzi azivue kwanza.

Ukienda kliniki, beba vichupa vyote ulivyotumia, hata vitupu.