Picha ni ya gari la shemeji, mguu ulikuwa wako

*Shikamoo Bi Mkubwa,*

*Mimi ni msomaji wako wa Tabata, nina mke na watoto wawili. Majuzi tulifiwa na bibi mzaa mama wa mke wangu huko Moshi. Sina gari, kwa hiyo shemeji yangu, kaka wa mke, akaniazima Noah yake niwapeleke wazee. Tuliondoka Dar alfajiri, tukapita Chalinze, Segera, Mombo, hakuna aliyetusimamisha. Tulipomaliza kijiji kimoja kabla ya Same, nyumba zimeshakwisha kabisa, trafiki akanipiga mkono, akanionyesha picha kwenye simu yake: Noah ya shemeji, 72 kwenye 50.*

*Bi Mkubwa, aliyepiga tochi hata sikumwona. Alikuwa amejibanza kwenye mti huko nyuma, picha akamrushia mwenzake kwa WhatsApp. Hiyo ni haki kweli? Na kibao chenyewe cha 50 kimefunikwa na matawi. Njia ile naijua, kila Desemba tunapita kwenda Krismasi, na mimi huwa sizidi 80 hata siku moja. Nilimweleza trafiki kwamba tunawahi maziko. Akatupa pole, akabonyeza kimashine chake, karatasi ikatoka: shilingi 30,000. Mzee mmoja nyuma akaninong'oneza nimpe 10,000 yaishe. Sikumpa. Si kwamba mimi mtakatifu sana, sikuwa na noti ndogo.*

*Leo ni siku ya tano. Rafiki yangu kazini anasema nisilipe, niende mahakamani, kwamba picha ya WhatsApp si ushahidi na hakimu ataitupa. Mke wangu anasema nilipe kimyakimya, na kaka yake akiuliza nimwambie mashine ilikosea. Shemeji mwenyewe bado hajui. Hiyo Noah anaipeleka Morogoro kila wiki kwa mizigo ya duka lake. Nilipe au nipinge?*

*Mpigwa Tochi, Tabata*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Barua yako nimeisoma nikairudia, kuna sentensi moja nilikuwa naitafuta. Umenieleza habari za mti, za matawi, za WhatsApp, za maziko, hadi za noti ndogo. Hakuna mahali uliponiambia, "Bi Mkubwa, sikuwa nakwenda 72." Mtu aliyesingiziwa huanza na hilo, tena kabla ya salamu. Wewe umejitetea kwa kila kitu isipokuwa hilo, na badala yake ukaniambia huwa huzidi 80. Nakuamini. Ila dereva asiyezidi 80 anaweza kukatiza kijiji kwa 72 na sifa yake ikabaki palepale. Hiyo 80 ni kikomo cha mabasi na magari mazito. Kwenye nyumba za watu Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakutaka uwe na 50, uwe na Noah au na Vitz.

Kwa hiyo jibu langu ni ulipe, na ulipe wiki hii. Lakini umeuliza mambo mengine ambayo si ya kupuuzwa, na kwenye moja au mawili nakuunga mkono.

Tuanze na huyo aliyejibanza kwenye mti. Mimi pia simpendi. Trafiki akisimama mbele ya shule na sare yake nyeupe, kila gari linapunguza mwendo kabla halijawafikia watoto. Akijificha, gari linawapita watoto kwa mwendo uleule, halafu ndiyo linakutana na faini kilomita moja mbele. Serikali imepata 30,000, mtoto aliyetaka kuvuka hakupata kitu. Hayo nitayasema popote, hata mbele ya mkuu wa trafiki wa mkoa mwenyewe. Lakini ni malalamiko kuhusu namna polisi wanavyofanya kazi, mwanangu, hayaondoi hata kilomita moja kwenye ile 72. Ukimwambia hakimu, "Mheshimiwa, alijificha," atakuuliza kama angekaa wazi ungekwenda kwa mwendo gani, na hapo hutakuwa na pa kutokea.

Rafiki yako wa kazini amesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mahakama zetu zinapokea ushahidi wa kielektroniki. Haitupwi picha kwa sababu tu imepita WhatsApp. Hakimu anatakiwa apime uzito wake: ilipigwaje, ilihifadhiwaje, ilisafirije hadi ikafika mbele yake. Hapo kweli kuna maswali mazuri ya kumuuliza shahidi. Tochi ilihakikiwa lini? Nani aliipiga, na yuko wapi aje aseme mwenyewe? Picha ya mashine na picha ya kwenye simu ni moja? Kesi ya barabarani ni jinai, kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha ni wa Jamhuri, wewe huna wajibu wa kuthibitisha kwamba hukukimbia. Wakili mzuri angefurahi kuyauliza hayo yote. Ila rafiki yako hakukwambia kesi hiyo itasikilizwa wapi. Makosa husikilizwa na mahakama ya eneo yalipotendeka, na lako limetendeka karibu na Same. Utapanda basi kutoka Dar, utaambiwa shahidi yuko kwenye msafara wa kiongozi, njoo tarehe fulani. Utarudi. Nauli ya kwenda na kurudi ya safari ya kwanza tu imeshaimeza hiyo 30,000, bado hujala, hujalala, na bosi wako hajauliza uko wapi. Na ukishindwa, adhabu inapangwa na mahakama, si ile ya kwenye karatasi.

Kwenye kibao ndipo uliponigusa. Kama kweli matawi yamekifunika, hiyo ni hoja yenye nyama, na ningekuwa mimi ningeshuka palepale nikipige picha, kibao na matawi yake na nyumba ya jirani ili paonekane ni wapi, na saa inaonekana kwenye simu. Vibao vyetu vina mambo. Kuna vilivyogongwa na malori vikalala, kuna vilivyouzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na hicho cha kuonyesha 50 imekwisha, chenye mstari wa kukata, sehemu nyingi hakipo kabisa, dereva unabaki kubahatisha kama uko ndani au umetoka. Lakini wewe hukupiga picha, na papo hapo ukaniandikia kwamba njia unaijua, unapita kila Desemba. Hiyo sentensi wakili wa Serikali angekushukuru nayo. Kijiji unakijua. Nyumba umeziona, mama wa vitunguu umemwona, bodaboda wamejipanga. Kibao kilikuwa cha kukukumbusha tu.

Na ngoja nikupe hesabu ambayo trafiki hakukupa. 72 kwa saa ni mita 20 kila sekunde. 50 ni karibu mita 14. Mtoto akichomoka nyuma ya bodaboda, ile sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, wewe umeshasogea mita 20 bila kupunguza chochote. Breki zikianza kushika, zina kazi zaidi ya mara mbili ya ile ambayo zingekuwa nayo kwenye 50, kwa sababu nguvu ya gari haipandi sawasawa na mwendo, inapanda kwa kipeo cha pili. Na nyuma umebeba wazee ambao mikanda, najua, hawakufunga. Usiniambie walifunga.

Kuhusu ile 10,000: hata kama ni kwa kukosa noti ndogo, umeepuka balaa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamkamata anayetoa kama inavyomkamata anayepokea. Mzee wako amezoea njia za zamani, msamehe, ila safari nyingine akae mbele aangalie vibao. Na ikitokea trafiki mwenyewe ndiye anayeomba, namba ya TAKUKURU ni 113, hukatwi salio.

Sasa niseme ni lini ningekwambia upinge, kwa sababu sitaki msomaji mwingine aondoke hapa akidhani Bi Mkubwa anasema kila karatasi ilipwe. Noah nyeupe ziko maelfu, na herufi za kwenye namba hufanana zikitazamwa kwa mbali. Ukifungua TMS, ule mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya faini mtandaoni, ukakuta gari lako lilipigwa tochi Singida siku ambayo lilikuwa gereji Ilala, usilipe hata shilingi. Ukionyeshwa picha yenye magari mawili na alama ya tochi imekaa kwenye gari la jirani, usikubali kosa. Hapo unaanzia ofisi ya usalama barabarani ya wilaya, kwa upole, na risiti ya gereji mkononi, unaomba waitoe picha muitazame pamoja. Mengi humalizikia hapo hapo. Yasipomalizika, omba upelekwe mahakamani. Najua itakugharimu zaidi ya 30,000, na bado ningekwenda, maana kukubali kosa ambalo hukulifanya kunabaki kwenye jina lako na leseni yako. Watu wengi hulipa wakisema "ni hela ndogo". Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na wakati mwingine huyo mnyonge ni wewe.

Lakini wewe si huyo. Tena hata ungekuwa na hoja, hii vita ungeipigania kwa gari la mtu mwingine. Deni limeandikwa kwenye namba ya Noah. Wakati wewe unasubiri tarehe ya kesi, shemeji anakwenda Morogoro, anasimamishwa Kibaha, trafiki anaingiza namba kwenye kimashine, deni hilo hapo. Anasimamishwa tena Chalinze. Hajui linatoka wapi, mizigo iko juani, na ukichelewa kulipa deni linapanda. Ungekuwa na gari lako ningekuacha uamue kiume. La kuazima hurudishwa kama lilivyochukuliwa, na madeni yakiwemo.

Ndiyo maana shauri la mke wako nalikubali nusu. Ulipe, ndiyo. Kimyakimya, hapana. Hiyo ya "mashine ilikosea" itaishi hadi siku shemeji atakapoiona picha, na siku hiyo hutakuwa umemkosea mwendo, utakuwa umemdanganya mtu aliyekupa gari msibani bila kukuuliza hata mafuta. Mpigie simu leo usiku, baada ya kufunga duka. Mwambie: "Shemeji, tulipokuwa tunawahi maziko nilipigwa tochi, kosa ni langu, nimeshalipa, nakutumia risiti." Atacheka. Atakuuliza ni wapi. Ukimtajia kijiji atakwambia hata yeye pale walishampiga.

Lipa kwa ile namba ya malipo iliyo kwenye karatasi, kwa simu au kwa wakala wa benki, usimpe mtu yeyote taslimu. Ujumbe wa malipo upige picha ya skrini umrushie shemeji. Kesho yake ingia TMS, weka namba ya gari, uhakikishe deni limefutika, kwa sababu wakati mwingine mtandao hujivuta. Na ukikuta kuna deni jingine la tarehe ya nyuma, tochi ya barabara ya Morogoro, hilo usiliguse. Hilo ni la shemeji mwenyewe.

*Bi Mkubwa*