Samaki wa Namna Nyingi kwa Mtumbwi Mmoja

Ndugu mkulima, ikiwa shamba lako la makao li karibu na bahari, kama yale ya Gedi, huenda hushuka pwani kutafuta kitoweo wakati mahindi yangali machanga. Ukirudi na samaki wa namna moja tu, au mikono mitupu, mara nyingi ni kwa kuwa umevua mahali pamoja kwa njia moja.

Kila samaki ana makao yake. Tasi hula majani ya bahari. Mtegee dema penye kina kifupi, ukitia majani hayo ndani. Changu hula chini, kwa hiyo mshipi uwe na chubwi ya kuufikisha mchangani kando ya mwamba, na chambo kiwe ngisi au kaa. Chewa hukaa mapangoni: akimeza, mvute upesi kabla hajarudi shimoni, la sivyo mshipi utakatwa na mawe. Nguru ni mwingine kabisa. Yeye hufukuza samaki wadogo karibu na uso wa maji. Mrambaze alfajiri, chombo kikienda, na juu ya ndoana ufunge waya, maana meno yake hukata uzi. Kazi hiyo ya nje ya mwamba ni ya kaskazi. Kusi ikivuma, vua ndani.

Bunju akinaswa, mtupe. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa wala kukaushwa, na akiisha kukatwa vipande watoto hawawezi kumtambua chunguni.