Kuupokea Uzee na Kushukuru

Wazee wa vijijini wapenda kufundisha kwa vitendawili, na Maandiko Matakatifu nayo hayakuidharau njia hiyo. Katika sura ya 12 ya kitabu cha Mhubiri, mwenye hekima aeleza habari ya nyumba inayochakaa. Walinzi wake wameanza kutetemeka. Wanaume wake hodari wamepinda migongo. Wanawake wenye kusaga nafaka wamebaki wachache, na waliokuwa wakichungulia madirishani wameingiwa na giza. Mlango wa kutokea njiani umefungwa, na mti wa mlozi umechanua. Nyumba hiyo ni nini? Ni mwili wa mzee. Walinzi ni mikono, wanaume hodari ni miguu, wasagaji ni meno, wachunguliaji ni macho, mlango ni masikio, na maua meupe ya mlozi ni mvi. Jina la mti huu lisimtishe mkatekumeni. Mlozi wa kitabu hicho ni mti wa nchi ya Wayahudi, wenye kutoa maua kabla ya majani. Si yule mlozi anayeogopwa usiku kijijini. Hata hivyo kufanana kwa majina hayo mawili kwafaa kufikiriwa, kwa maana watu wengi wakiona maua ya mlozi wa kwanza huanza kumtafuta mlozi wa pili.

Mwenye hekima hakusema kwamba nyumba imelogwa. Alisema tu kwamba imekaa siku nyingi.

Ndivyo ilivyo kweli. Ndani ya jicho la mtu mna kioo kidogo, laini, chenye kujigeuza umbo ili kuona vitu vya karibu na vya mbali. Mtu afikapo umri wa miaka 40 au kupita kidogo, kioo hicho chazidi kuwa kigumu. Hapo mama huisogeza sindano mbali na uso ili alione tundu lake, na katekista hunyosha mkono mbele anaposoma kitabu. Baadaye kioo chenyewe chaweza kuingia ukungu. Ndio ugonjwa uitwao mtoto wa jicho. Masikio nayo hupoteza kwanza sauti nyembamba. Kwa hiyo babu humsikia jirani mwenye sauti nzito, asimsikie mjukuu wake mdogo. Na mtoto hudhani amedharauliwa, kumbe hakusikiwa. Usingizi wapungua, mifupa yapungua nguvu, jina la mtu anayejulikana sana lachelewa kufika ulimini. Mambo hayo humfikia tajiri na maskini, mpagani na mkristu, padri na mfalme.

Lakini moyo wa mtu haupendi kusikia hayo. Mtu aliyekuwa akilima tangu alfajiri hata saa sita, sasa achoka saa tatu. Badala ya kuhesabu miaka yake, ahesabu adui zake. Amfikiri nani alimwonea wivu siku ya mavuno, nani alimtazama vibaya kisimani. Apeleka mbuzi kwa mpiga ramli. Naye mpiga ramli, kwa kuwa hawezi kumrudishia mtu miaka 30 iliyopita, hana dawa nyingine ila kumtajia jina la mtu. Mara nyingi jina hilo ni la ndugu, au la mke wa ndugu, au la mama mzee mjane, asiye na mwana wa kumtetea, mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa mafiga aliyoyainamia tangu ujana wake. Hivyo uzee wa mmoja watupwa juu ya kichwa cha mzee mwenzake. Kwa mashauri ya namna hiyo wajane wamefukuzwa katika vijiji vyao, wamechomewa nyumba, wamepigwa hata kufa. Wala jambo hili halikuisha pamoja na siku za mababu, bali laonekana hata katika miaka hii. Basi mkatekumeni asidhani kwamba kujipokea jinsi alivyo ni jambo dogo, la siri ya moyo tu. Mtu asiyekubali kwamba amezeeka aweza kumletea jirani yake kifo.

Labda mwingine atauliza: Je, kuupokea uzee ni kulala chini na kungoja? Sivyo hata kidogo. Mtoto wa jicho huondolewa na mganga wa hospitali, naye hutia kioo kingine mahali pa kile chenye ukungu, na wengi walioongozwa kwa fimbo wamerudi nyumbani wakitembea peke yao. Mzee akikataa kwenda, akisema ni mapenzi ya Mungu, hapo hakuupokea uzee, ameukataa msaada. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, afundisha kwamba mganga astahili heshima, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na dawa zatoka katika nchi kwa uwezo wake. Kujipokea ni kusema kweli juu ya nafsi yako: hiki nakiweza, hiki sikiwezi tena, hiki chaweza kuponywa, hiki hakiponyeki. Ni vigumu kuliko kunung'unika.

Hapo ndipo ifaapo habari ya Barzilai, mzee ambaye wakristu wengi hawamkumbuki. Yamo katika Kitabu cha pili cha Samueli, sura ya 17 na ya 19. Mfalme Daudi aliasiwa na mwanawe mwenyewe Absalomu, akatoka Yerusalemu miguu mitupu huku akilia, akavuka mto Yordani pamoja na watu wachache. Walifika Mahanaimu wenye njaa na kiu. Barzilai, mwenyeji wa Rogelimu katika nchi ya Gileadi, alikuwa na mali nyingi. Yeye na watu wengine wawili wakawaletea vitanda, mabakuli na vyungu, ngano na shayiri, unga, maharagi na dengu, asali, kondoo na jibini. Hakungoja kwanza kuona nani atakayeshinda vita. Mwenye kumlisha mfalme aliyefukuzwa alikuwa akiitia nyumba yake hatarini.

Vita ikaisha, Absalomu akafa, Daudi akarudi kwenye enzi yake. Barzilai alishuka mpaka Yordani kumsindikiza. Mfalme akamwalika wavuke pamoja, akakae Yerusalemu, naye atamtunza huko. Ni nani ambaye hangefurahi? Lakini mzee alijibu kwa utulivu kwamba umri wake ni miaka 80, na siku zilizobaki si nyingi. Ulimi wake hauonji tena ladha ya chakula na kinywaji, masikio yake hayasikii tena sauti za waimbaji wanaume na wanawake. Kwa nini basi awe mzigo kwa mfalme? Atamsindikiza kidogo ng'ambo ya mto, kisha atarudi kufa katika mji wake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Kisha akamweka mbele kijana aitwaye Kimhamu, akaomba huyo aende mahali pake. Mfalme akakubali, akambusu Barzilai, akambariki, na mzee akarudi kwake.

Mkatekumeni aitazame sana habari hii. Barzilai ataja udhaifu wake mbele ya mfalme na mbele ya jeshi zima bila haya, kama mtu atajaye hali ya shamba lake. Hasemi kwamba zamani alikuwa hodari kuliko vijana wa siku hizi. Hamlaumu mtu kwa ajili ya masikio yake. Wala hakatai kila kitu kwa hasira, kama wafanyavyo wazee wengine ambao, wakikosa nguvu za kwenda safari nzima, hawasimami hata mlangoni kuwaaga wasafiri. Nguvu alizobaki nazo zatosha kuvuka mto. Basi avuka mto. Tena nafasi asiyoiweza haikai juu yake bure kama kuku anayeatamia mawe; ampa mwingine. Huenda hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Mfalme Sauli hakuliweza. Aliposikia wanawake wakiimba sifa za Daudi kupita sifa zake, alianza kumwonea kijana yule jicho baya, akamtupia mkuki ndani ya nyumba yake, na kwa siku nyingi alimwinda milimani.

Katika mafundisho ya Ubatizo pia jaribu hilo huonekana. Kadiri ya kanuni ya Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe, matayarisho hayo yalidumu miaka 4, na wazee wengi waliyapitia wakikaa benchi moja na watoto wa umri wa wajukuu wao. Mtoto ashika jibu mara moja. Mzee arudia mara kumi, na kesho yake limetoroka. Aona haya, aanza kukosa kuja, asema kwamba dini ni kwa vijana. Mzee huyo akumbuke Nikodemo, mwalimu wa Wayahudi, aliyemwuliza Yezu mtu awezaje kuzaliwa naye ni mzee. Yezu hakumwambia kwamba amechelewa. Alimweleza habari za maji na Roho. Kichwa cha mzee hakikuharibika kwa kuwa kinashika polepole. Maneno mapya hukaa ndani yake yakitiwa machache machache, yakisemwa kwa sauti, yakirudiwa asubuhi na jioni; na mjukuu aliyeyashika aweza kumsikiliza akiyarudia jikoni. Hapo wawili wapata faida, maana mtoto ajua maneno, lakini mzee aliyewazika watoto wake ajua vema zaidi maana ya kuungoja ufufuko wa wafu.

Sasa habari ya kushukuru. Watu wengi hudhani shukrani ni kitu kimjiacho mtu mwenyewe siku anapopata jambo jema. Siku nyingine huja hivyo, lakini uzeeni haiji kila siku, kwa kuwa asubuhi ya mzee huanza na maumivu ya goti. Yapasa shukrani itendwe kama kazi, kwa mdomo na kwa mikono. Katika sala ya jioni, kabla ya kuyatafuta makosa ya siku, mkristu atafute kwanza mema aliyoyapokea, ayataje moja moja kwa jina. Asiseme tu kwamba amshukuru Mungu kwa yote. Neno hilo ni jema, lakini kwa haraka yake laweza kuwa tupu. Aseme: mkono huu haushiki tena jembe, lakini leo umechambua maharagi. Miguu imenifikisha kisimani na kunirudisha. Mke wa mwanangu aliniletea maji ya moto bila kuombwa. Kisha deni hilo la mwisho alilipe kesho yake mbele ya mwenyewe, kwa kumwambia, «Asante, mwanangu», ingawa desturi ya mahali pengi yaona mkwe hutimiza tu wajibu wake. Mama mzee aliyezoea kusema, «Leo umechelewa», na sasa asema, «Asante», ameibadili nyumba nzima, wala hakuhitaji nguvu za ujana kufanya hivyo.

Wala kushukuru si kudai kwamba mabaya hayakuwako. Neno Ukaristia, katika lugha ya Kiyunani, maana yake ni shukrani. Na Yezu alishika mkate akashukuru usiku ule ule aliosalitiwa, akimjua atakayemsaliti. Kando ya ziwa Tanganika, kule Karema, aliishi Adriani Atiman. Alizaliwa karibu na mwaka 1866 katika nchi za mto Niger, akaibwa akiwa mtoto na kuuzwa, kisha akakombolewa na Mapadri Weupe. Alisoma uganga katika kisiwa cha Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawa mganga na katekista huko mpaka kufa kwake mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi. Katika habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe hakuficha jinsi alivyotekwa. Hakurudi kwao kuishi tena. Lakini mikono iliyofungwa utotoni iliwafunga wengine vidonda kwa miaka 67.

Inabaki kueleza mambo ya Kimhamu, yule kijana aliyepewa nafasi ya Barzilai. Mfalme Daudi naye alizeeka, akawa hapati joto hata akifunikwa nguo. Alipokaribia kufa alimwagiza mwanawe Solomoni awatendee wema wana wa Barzilai na kuwaketisha miongoni mwa wenye kula mezani pake, kwa sababu walimjia siku ile alipomkimbia Absalomu. Na katika sura ya 41 ya kitabu cha nabii Yeremia, karibu miaka 400 baadaye, baada ya Yerusalemu kuteketezwa, watu waliobaki walipokuwa wakikimbilia Misri, walipumzika mahali karibu na Betlehemu palipokuwa pakiitwa bado kwa jina la Kimhamu.